Krosova za Safari ya Obare

Jumatatu, 12 Agosti 1996. Homa Bay.

Kazi imekuja yenyewe! Dorine, mjane wa Obare muuza samaki, amempita Mwikwabe na kuja kwangu. Mwikwabe ni fundi wa redio za magari kama mimi, hapo ng'ambo ya barabara. Ana mita, ana cheti cha Migori, na leo hana mteja. Nilimpungia mkono.

Obare alizama ziwani huko Sori, akapatikana siku ya nne. Jeneza limepigiliwa misumari, halifunguliwi. Na mamake, kule Rangwe, haoni. Dorine anataka pikapu ya Tony, itakayobeba mwili Ijumaa, ifungwe spika mpya alizotuma shemeji yake, ipige kanda ya kwaya ambayo Obare anaimba peke yake. Mama asikie mwanawe akifika nyumbani. Bila sauti hiyo, alisema, mama hatakubali kwamba ni yeye. Aliniita ndugu Ratemo, akalia. Nami nikaumia, kweli. Nikamwambia Dorine kazi imekwisha hiyo.

Jumanne, 13 Agosti.

Nimefungua katoni. Wufa mbili, tuita mbili, na krosova mbili, vile visanduku vinavyogawa sauti: nzito iende kwa wufa, nyembamba kwa tuita. Vizuri mno kwa safari ya siku moja! Mwalimu Arasa, mteja wa Mwikwabe wa miaka yote, analilia krosova hata usingizini. Nimemfungia yeye. Mwikwabe aliliona gari la Arasa kwangu, akainama kwenye injini ya mtu ambaye alikuja kwa shida ya redio.

Za marehemu nitatengeneza mwenyewe. Waya wa shaba kutoka mota iliyoungua, nausokota uwe koili ya wufa. Kapasita kutoka redio mbovu, hiyo ya tuita. Basi.

Alhamisi, 15 Agosti.

Koili tayari, mizunguko mia nne kila moja. Mwikwabe alivuka barabara bila kualikwa. Akasema mizunguko mingi hivyo itakata kila kitu isipokuwa besi, na kapasita yangu ni ndogo mno, kwa hiyo katikati, penye sauti ya mtu, patabaki shimo. Akataka kuleta mita apime. Wivu! Nilimwambia akapime kwake.

Nikajaribu kwa kanda ya Tony, ngoma na kayamba tupu. (Mimi ni Msabato. Nilisikiliza kikazi.) Besi ilitikisa vioo, kayamba zikachemka. Safi! Kanda ya kwaya sikuigusa. Nilimwachia marehemu heshima yake.

Ijumaa, 16 Agosti.

Mochwari walituchelewesha, tukatoka saa kumi tukikimbizana na Sabato. Matawi mbele ya gari, wanawake nyuma na jeneza. Rangwe sokoni watu walikuwa wamejaa. Dorine akanipa ishara. Nikaweka kanda.

Du. Du. Du. Na juu: ssss. Katikati, kimya! Dorine akauliza Obare yuko wapi. Nikamwambia anakuja, ubeti wa kwanza ni wa besi. Nikaongeza sauti. Du! Du!

Mamake Obare alikuwa amesimama langoni, kiganja sikioni. Tukampita tukivuma kama watu wanaotwanga mahindi. Akafuata, akapapasa ubao wa jeneza, akauliza: "Ma en ng'a?" Huyu ni nani? Dorine akamwambia ni Obare. Mama akasema Obare anamjua, na huyu siye.

Watu wakaniomba nizikate zile koili, waya uende moja kwa moja. Nikaonyesha jua: limezama, Sabato imeingia, mimi sigusi koleo. Ukweli ni kwamba sikukumbuka waya upi ni upi. Jeneza liliposhushwa, Tony akawasha gari, nikaruka ndani. Nilifunika uso kwa kofia mpaka Homa Bay.

Jumapili, 18 Agosti.

Wamemzika leo asubuhi. Kanda ilikuwa bado ndani ya redio ya pikapu! Hakuna aliyeikumbuka ila Mwikwabe. Aliichukua kwa Tony, akaijaribu kwenye karedio kake ka betri. Nilisikia kutoka ng'ambo. Obare alitoka wazi, kila neno. Mwikwabe akabeba vyote akaenda Rangwe, Tony akimpeleka.

Amerudi jioni, hataki kuniangalia. Tony ndiye aliyenieleza. Walikuta udongo umesharudishwa kaburini. Mama alikuwa amekaa mlangoni, akiuliza waliomletea maiti ya watu wengine watamleta mwanawe lini. Walipompigia kanda, alisimama, akasema wafungue lango upesi, huyo ndiye Obare, anakuja anaimba.

Nimelia. Nimelia sana. Kisha nikanawa uso nikafikiri kifundi, na kosa nimeliona: mizunguko ilikuwa michache. Alhamisi Tony anabeba mwili wa mhubiri mmoja, na jamaa zake wana kanda ya mahubiri yake ya mwisho. Nimeshaipokea kazi. Koili ya kwanza nimeifikisha mia sita.