Mama Mkwe Wangu Hakuwa Namba Ishirini na Saba

Kwa Katibu,
Kamati ya Kuteua Wimbo wa Kutuwakilisha Nje,
Ghorofa ya tatu, mlango unaofuata baada ya ule ulioandikwa "Usiingie".

Ndugu Katibu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA USHINDI WA MAMA MKWE WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajumbe wenzako. Mimi si mzima. Tangu Jumamosi chakula hakipiti, na wateja wawili nimewanyoa upande mmoja nikasahau wa pili, mmoja wao akiwa bwana harusi.

Mimi ni kinyozi. Mtaani wananiita Mwakilishi, kwa kuwa mwaka huu ni wa kumi na moja nikijitokeza mbele ya kamati yenu kuomba kuiwakilisha nchi katika mashindano ya kimataifa ya nyimbo. Wengine hulitamka jina hilo kwa heshima, wengine huku wakimkonyeza jirani. Mimi huwaitikia wote. Mwaka wa kwanza mliniambia sauti yangu ina mwelekeo. Mwaka wa tano mkasema mwelekeo bado upo. Mwaka jana mliniambia niwasalimie nyumbani.

Kabla sijaanza kulalamika, nieleze utaratibu wenu kwa faida ya yeyote atakayeisoma barua hii, maana najua barua zenu hupita kwanza kwa dereva na mtu wa mapokezi. Majaji saba hukaa nyuma ya pazia, ili wasimwone mwimbaji wakampendelea ndugu. Pazia lenyewe lilikatwa fupi, miguu inaonekana, na miaka mitatu iliyopita ikagundulika kwamba jaji mmoja alikuwa akiwatambua wapwa zake kwa viatu. Ndiyo maana siku hizi kila mshiriki huvua viatu mlangoni na kuvaa kandambili za kamati, jozi moja ya kijani, saizi moja kwa taifa zima. Hatuna majina, tuna namba. Haturuhusiwi kusalimia wala kukohoa, kwa sababu hata kikohozi kina ukoo. Na kanuni ya tisa inasema kwamba sauti yoyote itakayoingia kwenye maikrofoni wakati taa nyekundu inawaka, hiyo ndiyo sauti ya mshiriki ambaye namba yake imeitwa. Kanuni hii mliitunga kwa ajili ya yule bwana aliyeimba mara nne, kila mara akidai alikuwa anajaribu mashine tu.

Ni utaratibu mzuri. Umetupatia nafasi ya mwisho miaka sita mfululizo bila upendeleo wa aina yoyote.

Sasa malalamiko.

1. Kwamba mama mkwe wangu hakuja kuimba. Alikuja kunishikia koti. Koti alilipiga pasi mwenyewe, na mtu aliyepiga pasi mashuka ya hoteli kwa miaka thelathini hawezi kuvumilia kuona kazi yake ikitupwa juu ya benchi. Alikaa nalo mapajani kwenye korido yenu kuanzia asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana. Jina lake halimo kwenye fomu yoyote. Fomu niliijaza mimi, kwa herufi kubwa, kama mlivyoelekeza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa ameishika nguo yenyewe.

2. Kwamba namba ishirini na saba iliitwa kabla ya wakati wake. Namba ishirini na tano alizirai mlangoni kwa woga, na namba ishirini na sita, ambaye ni mchumba wake, akaondoka naye akimpepea kwa karatasi ya mashairi. Mkaruka moja kwa moja hadi kwangu. Mimi wakati huo nilikuwa msalani nikisukutua koo kwa maji ya chumvi. Mama alisikia namba yangu ikiitwa mara ya kwanza, akasikia mara ya pili. Anajua, kwa kuwa nimemweleza mara nyingi kuliko alivyotaka, kwamba ya tatu ni kufutwa. Akavua viatu, akavaa zile kandambili, akaingia kuniombea dakika mbili.

3. Kwamba mtu aliyeingia kuomba dakika mbili amehesabiwa kuwa ameimba. Taa iliwaka, na maneno yake ya kwanza yamo kwenye rekodi rasmi ya kamati: "Samahanini wanangu, mwenyewe yuko msalani, anakuja sasa hivi. Wimbo wake unakwenda hivi, msije mkamsahau." Halafu akauimba, kunishikia nafasi tu. Nasikia jaji wa tatu ameandika kwamba huo ulikuwa utangulizi wa kisanii uliojaa unyenyekevu. Ndugu Katibu, haikuwa sanaa. Nilikuwa msalani kweli.

4. Kwamba wimbo ni wangu. Unaitwa "Usinyanyuke Bado", na niliutunga nikiwa na mteja mwenye haraka aliyekuwa akitaka kuondoka kwenye kiti kabla sijamaliza kisogo. Ni wimbo wa kuchezeka. Una beti tatu, kiitikio mara sita, na mahali pawili pa kupiga makofi. Mama ameujua kwa kuusikia kupitia ukutani, maana chumba chake na kibanda changu cha kunyolea vimegawana ukuta mmoja, na huko nyuma hakuwahi kusema kwamba anausikia. Sasa yeye akauimba polepole. Polepole, Ndugu Katibu! Wimbo wa dakika tatu ukamchukua dakika saba, na makofi akayaacha yote. Nilipomuuliza sababu, akasema goti lilikuwa linamuuma na hakuona haja ya kukimbia. Nimearifiwa kwamba jaji mmoja alitafuta leso akaikosa, na kwamba lile pazia sasa linahitaji kufuliwa.

Mimi nilitoka msalani koo likiwa safi kuliko wakati wowote maishani mwangu, nikakuta korido nzima imenyamaza. Nilidhani kuna msiba.

5. Kwamba wananchi wamepiga kura. Mliirusha rekodi redioni, watu wakapiga simu, na katika kila watu kumi, tisa wamemchagua Mama. Napenda kulalamika rasmi dhidi ya wananchi. Ndio hawa hawa waliojaa barabarani kushangilia mwaka ule tulipopata pointi moja, na ilipotangazwa kesho yake kwamba pointi ilikuwa ya nchi jirani kwenye orodha, wakashangilia tena wakisema angalau tulikuwa karibu. Nimevishika vichwa vya wapiga kura hawa kwa miaka kumi na minane, na niko tayari kula kiapo kwamba ndani hamna kitu. Jana mmoja alikaa kwenye kiti changu, akafumba macho, akaniambia: "Mwakilishi, hebu niimbie ule wimbo wa yule mama." Ule wimbo wa yule mama! Nilimnyoa kimyakimya, na nadhani aliona tofauti alipofika nyumbani.

6. Kwamba mmenipa mpinzani nisiyeweza kupambana naye. Angekuwa mtu baki ningemsema mtaani, ningesema sauti yake ni ya kukodi, ningemtafutia hata kasoro ya kutembea. Huyu ni mama mkwe. Hata kumkunjia uso siwezi. Nikimkuta amekaa kwenye kiti changu, mimi ndiye ninayeomba radhi. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye ananiitikia, "Marahaba, Mwakilishi wangu, umelala?" na anasema kwa moyo mweupe kabisa, hana habari kwamba kila neno linanichoma. Sijalala, Mama. Mke wangu nilimwomba achague upande. Alichagua kabla sijamaliza kuuliza, na watoto wakamfuata. Nimebaki na paka, naye namshuku.

Watu walikuwa wakinifariji kwamba subira yavuta heri. Nakiri imeivuta. Ila imeivutia chumba cha pili.

7. Kwamba kanuni zenu wenyewe zinanipa haki. Nimeisoma ile ya tisa mara arobaini. Sauti iliyoingia kwenye maikrofoni ni sauti ya mshiriki ambaye namba yake imeitwa. Namba iliyoitwa ni ishirini na saba. Ishirini na saba ni mimi. Kwa hiyo sauti ya mama mkwe wangu, kisheria, ni sauti yangu. Kwa kuwa sauti ni yangu, aliyeshinda ni mimi. Kwa kuwa aliyeshinda ni mimi, yeye anatembea mitaani na koo langu bila idhini. Na kwa kuwa koo hilo hilo ndilo analowaitia wajukuu waje kuoga, ndilo analobishania na muuza mboga, na ndilo analokoromea mchana kutwa siku za Jumapili, naiomba kamati imwamuru anyamaze hadi shauri hili litakapoamuliwa. Amri hiyo mpelekeeni ninyi. Mimi ni mkwe.

8. Kwamba, baada ya yote hayo, ninacho cha kupendekeza, nisije nikaonekana mtu wa lawama tu. Kwanza, Mama aende huko nje lakini akae nyuma ya pazia, nanyi pazia mnalo, kisha mimi nisimame mbele nikifungua na kufunga mdomo. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo na meno yangu yanaonekana vizuri. Hilo likishindikana, nchi nyingine zote nazo ziandikiwe zilete mama wakwe wa waimbaji wao, ili tushindane kwa haki. Na hilo likishindikana, nchi yetu ijitoe kabisa. Nafasi ya mwisho tunaweza kuipata hata tukibaki nyumbani, na sidhani kama kuna taifa lililo na uzoefu wa kutosha kutunyang'anya.

Naomba nijibiwe kwa maandishi, si kwa kusalimiwa nyumbani.

Nisalimie majaji wote saba, kila mmoja mahali alipo nyuma ya pazia. Msalimie dereva, na mtu wa mapokezi ambaye nadhani ndiye anayesoma sasa hivi. Msalimie namba ishirini na tano ikiwa ameshazinduka, na mchumba wake. Mke wangu angekusalimu kama angejua nakuandikia. Mama anawasalimu sana, na anasema kandambili zenu zinabana.

Ni mimi, ninayedai sauti yangu,
Kinyozi,
Mshiriki Namba Ishirini na Saba (halisi)

TANBIHI: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua kwa wembe, samahani kwa mkato.

Asubuhi hii Mama amekuja kibandani. Tangu ahamie kwetu hakuwahi kuingia, husema mahali pa wanaume. Ameniwekea barua yake kati ya mikasi, akaniagiza niwapostie. Nimeisoma kwa kuwa hakuifunga. Anawaambia anajitoa, kwamba wimbo ni wa mkwe wake, na kwamba yeye ni mtu mzima, hawezi kumkosesha mtoto wake usingizi kwa ajili ya safari. Nilimshukuru. Mungu anisamehe, nilimshukuru kabla hajafika mlangoni.

Kisha nikafunga kibanda, nikasimama mbele ya kioo nijiandae kuwakilisha. Nilianza vizuri, kwa mdundo wangu ule ule. Nikafika pale pasemapo "kaa kidogo, chai bado ina moto", nikanyamaza. Mke wangu alishaniambia jambo hili Jumamosi ile ile, nikajifanya sisikii. Marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa kuwahi kazini. Kila siku alikunywa chai amesimama mlangoni, na kila siku Mama alimwambia akae kidogo. Siku aliyoanguka huko kazini, kikombe kilikuwa hakijafika hata nusu. Mimi ile chai niliiweka kwenye wimbo kwa sababu ilikaa vizuri na ngoma. Yeye hakuongeza hata neno moja. Aliuimba tu kama ulivyo, na mimi nilikuwa nikiukimbiza.

Nimeujaribu kwa mwendo wangu, nikaona aibu mbele ya kioo changu mwenyewe. Nimeujaribu kwa mwendo wake, sikuweza kuumaliza.

Kwa hiyo mtakuta barua mbili ndani ya bahasha moja. Ya Mama nimeiambatanisha kwa kuwa nimeagizwa, na mama mkwe akikuagiza huna budi. Yangu ipuuzeni kuanzia moja hadi nane. Yake ikataeni. Mwambieni kanuni haziruhusu, tungeni moja upesi kama haipo, maana kanuni huwa anaziheshimu. Msimwambie kwamba mimi ndiye niliyeomba.

Ila tafadhali mjibuni leo leo. Mke wangu alikuwa amemshonea gauni la safari, na sasa hivi kupitia ukutani nawasikia wanabishana. Mama ameshaanza kulifumua, na amefika kwenye mkono wa pili.