Kidani Kimo Mtoni

Jumatatu, 1 Machi 1937

Tangu nizaliwe sijachukua kitu cha mtu. Naandika hivyo huku nimelalia mto wa marehemu, kwa hiyo tuseme: sijachukua kitu kikubwa.

Wangeuchoma tu, kama vitu vyote vya mgonjwa. Bibi mwenye nyumba tumemzika Jumamosi, mvua ikitutandika. Jeneza lilitokea mlango wa mbele, mimi na mto tukatokea wa nyuma. Tangu nipange hapa nalalia koti lililokunjwa. Huu ni mto wa sufi, mnene, foronya ya maua. Nikajua nitalala kama waziri. Wapi! Una donge katikati. Mafundi wa siku hizi wanajaza sufi na mbegu zake. Shingo imekwenda upande.

Nyumba imenuna. Ukuta wa chumba changu unatoka jasho. Jioni mtoto wa marehemu alituita sebuleni. Namwita Mrithi, maana tangu mama yake afumbe macho hajapumzika kurithi. Kidani cha dhahabu cha mama hakionekani. Akasema anayeingia chumbani mle kila siku ni mtu mmoja tu. Akamtazama Dobi.

Dobi wangu! Mjane wa watu, anakaa chumba cha uani na pasi yake ya mkaa, anafua nguo za nyumba nzima. Mikono yake imekunjamana kwa sabuni, nami mikono hiyo naiota mchana kweupe. Amepewa mpaka Ijumaa akitoe, la sivyo kituoni. Hakulia. Alivuta kitambaa chake kichwani, akatoka kuanua nguo ambazo zilikwisha kulowa.

Jumanne, 2 Machi

Nimeamua. Kidani nitakitafuta mimi, na Dobi nitamwoa mimi.

Sianzi mikono mitupu. Siku bibi anakata roho nilikuwa nimekaa kitandani pake. (Nilikwenda kuona kama uji umebaki.) Alinivuta mkono wa shati akasema polepole, "Kidani kimo mtoni." Kisha akageuza uso. Nikadhani ni homa inasema. Sasa naona ni siri, na mwenye siri ni mimi peke yangu duniani!

Nikamfuata Dobi mezani anakopigia pasi, nikamwambia atulie, mambo yote nimeyashika. Hakuinua hata macho. Akasema kila siku mimi nagundua kitu. Juzi niligundua kuna mwizi wa mkaa, kumbe ni mimi mwenyewe. Nikamuuliza, nikikipata je?

"Ukikipata, Babu, nitakupigia pasi lile shati lako jeupe. Bure. Na kola nitaitia wanga."

Babu! Neno hili litaniua kabla ya mvua. Wajukuu wangu wako wapi?

Na Karani alikuwapo, kakalia kreti, anamshikia mashati. Karani mstaafu wa posta, jirani yangu ukutani. Kutwa anafuta miwani. Mtu amelamba stempu maisha yake yote, ulimi umelainika, basi maneno yanateleza yenyewe. Akamwambia Dobi asife moyo. Hilo ndilo alilokuwa nalo. Asife moyo!

Jumatano, 3 Machi

Siku ya fedheha.

Nilingoja wote wakae kwa chai ya asubuhi. Nikasimama, nikakohoa, nikawatangazia neno la mwisho la marehemu: kidani kimo mtoni! Nikangoja makofi.

Mrithi akatua kikombe. Akauliza taratibu, humu ndani nani huenda mtoni kila asubuhi?

Macho yote kwa Dobi na beseni lake.

Mimi na mdomo wangu! Nilijaribu kueleza kuwa mto ni mrefu, una watu wengi. Nikazidi kuharibu. Alinipita ukumbini, akasema, "Ahsante, Babu." Basi. Angenitukana ningekula chakula cha mchana.

Nikaenda mtoni mwenyewe na mvua yangu. Nimepapasa tope mpaka magoti. Nimepata soli ya kiatu na mafua. Wakati wa kurudi Karani alinifunika blanketi lake. Mtu mbaya sana yule.

Alhamisi, 4 Machi

Homa. Nimelala kutwa, na lile donge linanichimba kisogo. Nikachukua wembe, nikapasua mto ili nitoe hiyo mbegu.

Haikuwa mbegu.

Kidani kizima, kimejiviringa, kimejaa sufi kama kifaranga. Nikakaa kitako. Kimo mtoni. Mtoni! Bibi wa watu alikuwa na mto chini ya kichwa chake, mimi nikakimbilia mto wa samaki.

Mjinga angekimbia na kidani mpaka kwa Mrithi. Angeulizwa: umekitoa wapi? Mtoni. Mto upi? Na mto wa mama umefikaje kwako? Hapo mtu mzima mwenye heshima zake anaitwa mwizi wa mito. Haiwezekani.

Basi nimepanga hivi. Nimejikongoja hadi mtoni, nimekificha chini ya jiwe. Kesho nitawapeleka wote nikigundue mbele yao. Dobi atapona, mimi nitasifiwa, Karani atafute posta nyingine. Jiwe nimechagua zuri, bapa, jeupe kuliko yote, hata kwa macho yangu siwezi kulikosa.

Ninayo akili. Tatizo la watu hawa ni kwamba hawanijui.

Ijumaa, 5 Machi

Siwezi kuandika vizuri.

Tulikwenda wote, na miavuli, kama tunazika tena. Niliunusa upepo. Nilipima hatua. Nikainua jiwe. Kidani hicho!

Mrithi hakutazama kidani. Alitazama jiwe. Akauliza, hili ni jiwe la nani?

Ni jiwe la Dobi la kufulia. Limekuwa jeupe kwa sabuni. Ningefikiri kidogo ningejua.

Mrithi akamshika mkono. Dobi alisimama tu, uso umelowa mvua. Nikafungua mdomo kuusema ule mto. Wallahi niliufungua. Kikatoka kikohozi.

Karani ndiye aliyeomba kukiona. Akafuta miwani, akakisogeza puani, akachomoa kitu kidogo cheupe kwenye viungo vya kidani.

"Mtoni hakuna sufi," alisema. "Marehemu alikuwa akilalia nini?"

Mrithi akamwachia Dobi mkono. Akasema mto wa mama hajauona tangu mazishi. Nikapendekeza turudi nyumbani, mvua inazidi.

Dobi akanisogelea. Karibu kuliko siku zote. Akanyoosha vidole vile vile ninavyoviota, akagusa kidevu changu. Nikafumba macho. Akachomoa uzi wa sufi kwenye ndevu zangu, akawaonyesha.

"Umejua tangu lini, Babu?"

Nikasema tangu jana.

"Na jana mimi nimefunga nguo zangu, nikawa nasikiliza mlango."

Nikamwambia nilikuwa na homa. Alimtazama Karani, naye Karani akampa mwavuli wote, yeye akatembea na mvua.

Jumapili, 7 Machi

Mrithi amemwomba Dobi radhi. Mimi amenipa mpaka mwisho wa mwezi nitafute chumba. Mto umerudi kwa wenyewe, umeshonwa. Nimerudia koti. Kifungo kinaniingia sikioni.

Dobi amekataa kufulia tena nyumba iliyomshika mkono. Anahama na pasi yake. Anahama na Karani pia. Jumamosi ijayo wanaoana. Nimewasikia ukutani wakicheka kidogo kidogo, kama watu wasiotaka kumwamsha mgonjwa. Mgonjwa alikuwa macho.

Nimefikiri sana leo. Nimeona sina kosa. Nisingeuchukua ule mto, si wangeuchoma na kidani ndani yake? Nani basi amemwokoa Dobi? Mimi! Hakuna anayepiga hesabu hiyo.

Tena huyu Karani ana jambo. Mtu hafuti miwani namna ile bila siri moyoni. Ninazo siku chache kabla ya ndoa, na nimeshapata pa kuanzia: ameacha ufunguo wake mlangoni.

Ila harusini lazima niende nimependeza. Na ahadi ni deni. Dobi alisema, ukikipata. Nimekipata, au sikukipata? Shati nimelitundika kwenye kitasa cha mlango wake. Kola aitie wanga kidogo tu, shingo bado inauma.