Somo la Udongo Lililopanda Pikipiki

Jumatatu, tarehe 4 Oktoba
Mkutano wa walimu hapa Kitshanga. Mama Bénédicte, mkurugenzi wa chuo chetu, ametangaza kwamba wanafunzi wa tawi la Walikale hawatangoja tena mwalimu avuke matope. Watafundishwa kwa simu. Mimi na Asistenti Honoré tutatengeneza somo moja kila mtu, nao watafanyiwa jaribio. Mwalimu atakayefaulisha wengi zaidi atakuwa mkuu wa masomo ya kidijitali. Kisha akaniangalia na kusema kwamba mwalimu wa umri wangu akishindwa ana haki ya kupumzika. Nina miaka sitini na minane. Sitaki kupumzika. Nyumbani yuko mke wangu Athanasie, naye ana orodha ya kazi.

Jumanne, tarehe 5
Honoré anatengeneza video ya michoro inayotembea. Mizizi inakunywa maji kama watu. Upuuzi. Nimemshauri kama baba aiweke kwenye intaneti tu, kwa kuwa ndivyo vyuo vikubwa vinavyofanya. Alinishukuru sana. Yeye ni mtu wa Goma. Hajui kwamba kule Walikale mtandao hushika juu ya kilima kimoja tu. Sikuona sababu ya kumchosha kwa habari hiyo.

Jumatano, tarehe 6
Nimerekodi somo langu, Uhifadhi wa Udongo Milimani. Saa mbili na nusu. Nimesoma polepole, jinsi sisi tulivyosomewa. Athanasie alisinzia kwenye utangulizi. Dalili kwamba sauti yangu inatuliza.

Alhamisi, tarehe 7
Nimempelekea somo Jeannette, anayechaji simu na kujaza nyimbo kwenye kadi za memori sokoni. Amejaza kadi thelathini na nne. Zimeondoka kwa pikipiki kwenda Walikale.

Ijumaa, tarehe 8
Msiba. Jeannette amelikata somo langu vipande kumi na vinne na kuingiza wimbo wa kwaya kati ya kila kipande na kingine. Nilidai maelezo. Akajibu bila kuinua macho kwenye nyaya zake: “Papa Prof, hapa njo tunafanyaka vile. Muntu hawezi kula udongo saa mbili bila wimbo.” Nikamwambia kwamba hiki ni chuo kikuu. Akauliza kama chuo kikuu hawaendi misa. Pikipiki imeshapita Bihambwe. Nimekwisha. Athanasie amenionyesha mahali anapotaka nilime vitunguu.

Jumatano, tarehe 13
Akilimali, kiongozi wa wanafunzi wa Walikale, amepiga simu kutoka kilimani. Kwa ajili ya video ya Honoré walipanda wote, wakatazama duara la kusubiri likizunguka kwenye simu mpaka mvua ikawafukuza. Somo langu, kinyume chake, linapigwa hata kwenye vibanda vya njia ya machimbo ya Bisie. Wachimbaji wanaimba, kisha wananyamaza na kunisikiliza. Nilimwuliza kwa nini wananyamaza. “Sababu wanajua wimbo ingine iko nyuma ya udongo, Papa.” Mtoto mwenye adabu. Hakutaka kunisifu mbele yangu.

Ijumaa, tarehe 15
Matokeo. Wanafunzi thelathini na wanne. Katika maswali ya Honoré wamefaulu wanne. Katika yangu, thelathini na mmoja! Mmoja aliandika kwamba mmomonyoko huzuiwa na matete, mifereji na neema. Nimempa alama zote. Mawili ya kwanza yanatosha.

Jumamosi, tarehe 16
Nimeteuliwa. Mama Bénédicte amesema mbele ya wote kwamba ile njia ya kuchanganya mafundisho na kwaya ina akili nyingi, akauliza nilijifunza wapi. Nimejibu kwamba ni tunda la utafiti wa miaka mingi. Honoré alipiga makofi. Jeannette, aliyekuwa mlangoni akileta spika, alikohoa kwa muda mrefu.

Jumatatu, tarehe 18
Siku ya kwanza ofisini. Meza yangu, kiti changu, umeme wa jua. Nimetia saini uamuzi wa kwanza: kwaya zote ziondolewe na vipande viunganishwe. Somo la pili litakuwa la saa nne mfululizo. Honoré ameuliza kwa upole kama tusingelijaribu kwanza kwa wanafunzi wachache. Wivu tu. Jeannette amesoma karatasi mara mbili, akasema, “Pole, Papa.” Nimemsamehe. Walinisikia vizuri hivyo nikikatizwa na kwaya mara kumi na tatu. Sasa watanisikia bila kizuizi.