Osiako na Chupa ya Kutoka Japani

Jongeeni, enyi watu wa miwa na watu wa mahindi! Aliyesimama akae, aliyekaa asogee, na mwenye simu aizime, kwa maana ninavisimulia vita vya mtu mmoja na kijiko kimoja, vilivyopiganwa mtaani Shieywe siku ya Jumamosi, saa tisa mchana, kuku akiwa ameshaliwa.

Shujaa ni Osiako, Mlinzi wa Chungu, Ulimi Usiodanganyika. Kwa miaka thelathini hakuna pombe iliyoingia katika ukoo wao bila kupita kwanza kinywani mwake, na kwa kazi hiyo alipewa kigoda cha heshima, asikikalie mwingine. Chang'aa ya Malinya aliijua kwa harufu. Ya Lubao, kwa kikohozi. Lakini mwaka huu watu walinong'ona kwamba ulimi umezeeka, na binamu yake Protus, mwenye meno yote, alikuwa akikikodolea kigoda macho.

Siku hiyo wakwe walitoka Lugari kuja kumposa Lynette, mpwa wake. Kiongozi wao, Kipkemboi, akachomoa kotini wiski ya Japani. Si ile ambayo matajiri huifungia kabatini, bali ndugu yake wa rafu ya chini, ambayo mkulima huinunua mavuno yakiwa mema, wala hamfichi mkewe.

"Mzee," akasema, "tumesikia hapa kuna ulimi. Sisi tulinunua tu kama vipofu. Tuambie tumeleta nini."

Pascalia, mama wa binti, akamnong'oneza shujaa: "Kaka, ukiitukana chupa umewatukana wenyewe. Na ukidanganya, Protus yuko hapo."

Osiako akaagiza kijiko na kiberiti. Maana kwetu chang'aa huhukumiwa kwa moto: ikiwaka samawati ni ya kweli, ikikataa imetiwa maji. Njiti ya kwanza ikafa kifo cha askari. Ya pili ikaifuata. Ya tatu ikamchoma shujaa kidole.

"Maji!" Protus akapaza sauti. "Wametubebea maji kutoka Japani, na kisima tuko nacho!"

Kipkemboi akavaa kofia. Na mkwe akivaa kofia kabla ya chai, enyi wasikilizaji, harusi imeshafika getini, inaondoka.

Ndipo Osiako akainuka kama fahali wa mapigano kule Ikolomani, na papo hapo Protus akakikalia kigoda.

"Nyamaza, Protus, wewe unakunywanga soda na bado unalewa! Wakwe zangu, kosa ni langu. Kiberiti hiki kilizoea chang'aa. Mgeni huyu hakuzaliwa katika pipa la Malinya. Kumuuliza kwa moto ni kumpiga kabla ya kumsalimia. Leteni glasi!"

Akanusa. Akanywa. Na kwa kitambo cha pumzi moja, ole wangu, hakuonja chochote, na miaka thelathini ikasimama ukingoni mwa shimo. Kisha vikaja, kikosi kwa kikosi: asali, pera lililoiva, mahindi yaliyochomwa, na mwisho kabisa moshi mdogo, kama wa jiko la jirani.

"Hii ni shayiri tupu," akatangaza, "lakini si ya mtambo mmoja. Ni mitambo kadhaa imekutanishwa, na hakuna uliomeza mwenzake. Inaingia kwa adabu. Mkia wake ni mfupi: ukigeuka kuisifu, imeshaenda. Ya kumringia gavana siyo. Ya kunywa na watu unaotaka warudi, ndiyo hii."

Cherop, mke wa Kipkemboi, akavaa miwani, akaigeuza chupa na kusoma maandishi ya nyuma kwa sauti ya karani wa mahakama. Shayiri tupu. Mitambo zaidi ya mmoja.

"Ni vile amesema," akakiri. "Ya mkia ndiyo hawajaandika."

"Hiyo hao hawawezi kuiandika!" Kipkemboi akacheka, akavua kofia, akaitundika msumarini kama mtu wa nyumba hiyo. "Mama Lynette, chai iko wapi?"

Protus akatazama ukutani, akatazama dari. Halafu akanyanyuka polepole, akakipangusa kigoda kwa mkono wa shati lake.

"Kaa, mzee."

Osiako akakaa. Na iandikwe katika kumbukumbu za mataifa, kando ya kuanguka kwa miji na kuvuka kwa bahari, kwamba Jumamosi ile, saa tisa na robo, alikaa.