Ukifungua, Kimya Kinatoka

Daktari wa Kimya alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kinyozi, kidevu juu, povu hadi masikioni, aliposikia riziki yake ikitajwa.

"Kompyuta ya mke wangu inanguruma kama mashine ya kusaga," kinyozi alikuwa akimwambia mteja aliyekuwa akisubiri zamu. "Kazi yake ni kusoma vitabu kwa sauti, anarekodi, shule ya wasioona wanasikiliza. Sasa kila akipeleka, wanamrudishia. Wanasema nyuma ya sauti yake kuna upepo. Ameizungushia godoro, ameifunika blanketi, wapi! Juzi kanifukuza chumbani, eti napumua kwa nguvu."

Chini ya povu, Daktari alitabasamu. Tuseme ukweli mapema ili tusije tukalaumiana: hakuwa daktari wa kitu chochote. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku moja kwenye duka la kuchapisha kadi, baada ya mwenye duka kumwambia kwamba juu ya jina imebaki nafasi ya neno moja.

"Kaka, shikilia wembe kwanza," alisema. "Mungu hakunileta kwenye kiti hiki bure." Akatoa kadi mfukoni, ina picha ya paka aliyeweka kidole mdomoni. Kinyozi aliisoma mara mbili. Hakumtoza hela ya kunyoa.

Tiba ya Daktari ilikuwa rahisi hadi inatia aibu. Kwanza anamtoa mwenye kompyuta chumbani kwa sababu ya vumbi, kwamba vumbi la ndani ya kompyuta ni baya kwa wanawake, wazee na watu wenye haraka. Kisha anachomoa waya wa feni. Feni isipozunguka haingurumi, na mtu asiyepumua hakoromi. Kompyuta itakaa kimya siku nne au tano, hadi joto liipike ubongo, na kufikia hapo Daktari atakuwa ameshabadilisha laini ya simu. Akiwa humo ndani hujichukulia diski nzuri na memori nzuri, akaweka kuukuu zilizo mahututi. Mafaili ya mwenyewe huyanakili kwenye hiyo diski kuukuu ili asishtukiwe, jambo linalomchukua saa nzima, maana hata wizi una jasho lake. Vile vizuri huondoka navyo kwenye mkoba, akieleza kwa huzuni kwamba ndivyo vilivyokuwa vikipiga kelele.

Jumatano hiyo alimtibu mke wa kinyozi. Msomaji, ndiye huyo mke, aliporudi chumbani alisimama katikati, akafumba macho, akasikiliza. Masikio yake yalizoea kunasa hata kidole kikigeuza ukurasa. Hakusikia kitu.

"Kweli kimya," alisema. "Nimemaliza sura ishirini na mbili, kila moja nimeirudia usiku kompyuta ikiwa imepoa hadi upepo ukaisha, zimebaki nne. Miezi mitatu nahangaika. Ijumaa ya wiki ijayo wanazitaka zote kwa pamoja, la sivyo kazi anapewa mwenye studio yake."

"Soma, dada yangu, soma hadi uchoke. Ila usifungue kasha." Daktari alibandika stika juu ya skrubu, akaipapasa kwa heshima. "Kimya nimekifunga humu. Ukifungua, kinatoka, na dhamana inatoka nacho."

Stika ilisema maneno hayo hayo. Mlangoni kinyozi alisimama meno yote nje. "Nilikwambia mimi. Nikisema naleta fundi, naleta fundi."

Jumapili, katikati ya sura ya ishirini na tatu, chumba kilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati, na skrini ikawa nyeusi. Fundi mwingine aliitwa, mwaminifu. Wapo, ila huwa hawana kadi. Alifungua kasha, akaangalia, akatikisa kichwa. Feni haijachomekwa. Memori ni za zamani. Diski imeungua, tena si ile ya mwenyewe.

"Sura zangu?" Msomaji aliuliza.

"Zilikuwa humu. Hukuweka nakala ya akiba?"

Alikuwa nayo. Aliiweka kwenye diski hiyo hiyo, kwenye folda ya pili.

Kinyozi hakusema neno siku mbili. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, nyumba ile ikapata kimya cha kweli, tena bila fundi. Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono shavuni. Sura ishirini na mbili hazisomeki upya kwa siku tano hata ukiwa na koo la chuma, na namba ya Daktari ilikuwa haipatikani.

Jumanne mteja mmoja akasahau kadi kwenye benchi la kinyozi. Namba mpya na cheo kipya: Profesa wa Utulivu. Paka alikuwa yule yule.

Kinyozi alikimbia nayo nyumbani, hata aproni hakuvua. "Namwita, namkalisha kitini, namnyoa mpaka ubongo!"

"Ukimpiga utapata jino lake," mkewe alisema. "Mimi nataka diski yangu."

"Si atakuwa ameshaiuza?"

"Diski ile niliichagua mwenyewe, kubwa, ya kasi. Mtu hauzi kitu kama kile. Anaivaa."

Alikisia sawasawa. Nyumbani kwake Profesa alikuwa na mashine aliyoiita Malkia, iliyojengwa kwa viungo vilivyotoka nyumba saba, kila kiungo bora kuliko vyote vya nyumba kilikotoka. Diski ya Msomaji ndiyo iliyokuwa moyo wake. Alikusudia kuifuta siku ile ile, lakini alifungua sura ya kwanza huku anakula, asikie tu ni nini, na chakula kikapoa. Mjane anafukuzwa nyumbani kwake na shemeji zake, anaondoka na ufunguo ameuficha kwenye kiatu. Profesa akawa halali wala hali bila mjane. Sura ya ishirini na mbili ilimwacha mama wa watu mbele ya mlango wake, ufunguo mkononi, na baada ya hapo hapakuwa na kitu. Profesa alikasirika. Alijiona ameibiwa.

Kinyozi alikuwa na mama yake, mtaa wa tatu kutoka pale, karani wa mahakama aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kuandika uongo wa watu neno kwa neno. Kumwomba mama mkwe sebule yake ni jambo ambalo mke hulifanya maji yakishafika shingoni. Msomaji alikwenda, akaeleza, akainamisha kichwa.

"Sebule tu?" alisema mama mkwe. "Nilidhani unataka figo."

Sasa, Msomaji alijua kitu ambacho profesa mzima hakukijua. Kwenye studio halisi, ile ya shule aliyowahi kuingia mara moja, chumba cha kusomea hakina kompyuta kabisa. Kompyuta inanguruma chumba cha pili hadi ikome yenyewe, na kinachopita ukutani ni nyaya tu. Nyumbani kwake asingeweza, kwa kuwa upande wa pili wa ukuta ni kwa mwenye nyumba. Lakini ukuta wa sebule ya mama mkwe ulikuwa na tundu la waya wa zamani wa antena, na nyuma yake kuna chumba cha kulala.

Jumatano asubuhi skrini, kibodi na kipanya vilikuwa juu ya meza ya sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma kinachogusa sakafu. Nyaya zilishuka nyuma ya kitambaa, zikapita tunduni, zikaingia kwenye laptopu ya kuazima iliyokuwa ikihema kitandani kando ya Msomaji, mlango umefungwa. Chini ya meza palikuwa na kasha jeusi kutoka kwenye taka za fundi mwaminifu. Ndani yake mlikuwa na matofali mawili yaliyofungwa kwa taulo, nyuma ya kitufe taa ndogo ya tochi, na mgongoni nyaya mbili za bure zilizochomekwa kwa ajili ya macho tu.

Profesa alifika na mkoba na tabasamu. "Shikamoo, bibi. Nimesikia kompyuta inakupigia kelele."

"Marahaba. Ingekuwa inapiga kelele ningekuita? Haipigi! Ndiyo ugonjwa wenyewe." Mama mkwe alibonyeza kitufe kwa kidole cha mguu, taa ikawaka, akakohoa mara mbili. Chumbani Msomaji alisikia kikohozi, na skrini ya sebuleni ikajaa rangi. "Umeona? Imewaka. Umesikia kitu?"

Profesa hakusikia kitu. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kasha. Akapitisha mkono nyuma yake. Baridi! Akalinyanyua pembe moja, likawa zito, zito la kutia adabu. Miaka sita alikuwa akiuza kimya, na leo ndiyo mara ya kwanza anakutana nacho. Mate yakamjaa kinywani.

"Bibi, nani alikutengenezea hii?"

"Mpwa wa marehemu mume wangu, injinia wa ndege. Akasema ni ya kisasa. Mimi jokofu langu linanguruma, najua lipo kazini. Hii nitajuaje kama ni nzima au imenifia? Saa tisa mwanangu anakuja kuichukua, akapigie muziki dukani kwake."

"Muziki?" Profesa alishika kifua. "Hebu niifungue kidogo niangalie."

"Akifungua mtu, mwanangu atajua tu. Halafu ataanza kuuliza bei ya hivi vitu."

Mkono wa Profesa ulirudi wenyewe kutoka kwenye skrubu. Kilichofuata kingefaa kuandikwa mahakamani: mtu aliyekula mkate wa kimya miaka sita alikaa kwenye sofa la watu akautetea mngurumo kwa machozi.

"Bibi, una haki kabisa. Kompyuta isiyonguruma ni mgonjwa. Mlio ndio afya! Mimi nitakusaidia. Ninayo moja inanguruma mpaka majirani wanajua nipo. Tubadilishane tu, hela sitaki. Wazee mmetulea."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Ila iwe na nguvu."

Alirudi baada ya nusu saa na kopo moja la kompyuta, la kijivu, linalotetemeka. Mama mkwe aliliwekea kiganja mgongoni.

"Hii haingurumi. Hii inakohoa." Alimtazama machoni kwa utulivu aliokuwa akiwatazama nao mashahidi. "Una nyingine, mwanangu. Unaificha. Basi, acha mwanangu aje."

Saa ya ukutani ilisema nane na dakika kumi. Profesa akakimbia. Alimpata Malkia mezani, akampapasa kichwa, akamweleza kwamba duniani kuna kuachana. Alifikiria kuchomoa angalau ile diski, lakini skrubu zilikuwa nane na muda ulikuwa mdogo, na sura zenyewe zilikuwa zimekwisha. Kwa siri ya kasha lile jeusi angeweza kujenga Malkia kumi na kweli kuwa profesa. Saa tisa kasorobo alimkabidhi bibi mashine iliyokuwa fahari ya maisha yake, akalikumbatia kasha kifuani kama mtoto aliyetoka kliniki, akatoka kwa hatua za upande. "Bibi, mwanao usimwambie ni mimi."

"Sitamwambia hata jina lako," alisema mama mkwe, na hapo hakudanganya, maana hakulijua.

Mlango wa chumbani ulifunguka kabla ule wa mbele haujafungwa vizuri. Msomaji alichomeka waya kwa pupa hadi ukakosea tundu mara tatu. Malkia alinguruma kwa feni zote saba. Msomaji alifungua diski, akashuka folda kwa folda, akilitaja jina la Mungu kwa kila moja. Ya nne ilikuwa yake. Sura ya kwanza, ya pili, hadi ishirini na mbili, zote zimekaa kama alivyoziacha. Akakaa sakafuni akalia kwa kwikwi.

"Lia upesi," alisema mama mkwe. "Una sura nne."

Profesa naye alikuwa akifungua. Alikuwa amefunga mlango, ameosha mikono na kutandika kitambaa cheupe. Skrubu ya mwisho ikatoka, akainua mfuniko taratibu. Akaliona taulo, na juu ya taulo stika yake mwenyewe, ile aliyoibandika kwa mke wa kinyozi. Aliisoma neno kwa neno, ingawa aliitunga yeye.

Usiku ule na mchana wake alijiuliza aende au asiende. Alhamisi alasiri hasira ilimshinda, akabeba kasha na matofali yake hadi mlangoni kwa bibi, akagonga kwa ngumi. Mama mkwe alifungua nusu, kidole mdomoni. Nyuma yake alisimama kinyozi, amevaa aproni, amekunja mikono, akimtazama kidevu.

"Bibi, ndani kuna matofali!"

"Shh. Ulifungua?"

"Nasema kuna matofali, wewe unaniuliza..."

"Nakuuliza swali moja, mwanangu. Ulifungua au hukufungua?"

Profesa aliliangalia kasha. "Nilifungua."

"Basi kimya kimetoka. Na dhamana imetoka nacho."

Profesa alifumbua mdomo ajibu, na hapo ndipo alipoisikia ile sauti kutoka sebuleni, safi, bila upepo wowote nyuma yake, maana Malkia alikuwa akingurumia chumba cha kulala. Aliijua kabla ya kuelewa kwa nini anaijua. Pole pole akaliweka kasha kwenye ngazi na kuegemeza sikio kwenye uwazi wa mlango. "Akaupangusa ufunguo kwa kanga," Msomaji alikuwa akisoma, "akauingiza kwenye kitasa..."

"Hiyo ni sura ya ngapi?" Profesa alinong'ona.

"Ishirini na sita," alinong'ona mama mkwe. "Ya mwisho."

"Bibi, nakuomba. Sitarudi tena mtaa huu, naapa. Niambie tu, mlango ulifunguka?"

Mama mkwe alimtazama kutoka utosini hadi viatuni. Kisha akafunga mlango taratibu sana, bila mlio hata kidogo, kwa sababu ndani watu walikuwa wanarekodi.