Mama Mkwe Kwenye Keria

Jamani, leo nimempakia mama mkwe kwenye baiskeli. Na akanishika kiuno!

Asiyejua mila za kwetu Usukumani atauliza, sasa kosa liko wapi? Kaa nikwambie. Mama mkwe hata mkono humpi. Ukimwona anakuja njiani, unapisha unaingia porini (miiba utaichomoa nyumbani). Ndiyo maana hata sura yake nilikuwa siijui. Na Jumamosi hii wazee wangu wanakwenda kwao kutaja ng'ombe wa mahari. Nikiharibu kitu, Nyamizi wangu ndio basi tena.

Asubuhi niko njia panda ya Kolandoto nasaka abiria. Akashuka mama mmoja kwenye gari la kutoka Songwa, kabeba jogoo.

"Mwangaluka, mayu! Panda dala!"

"Mwangaluka. Hivi baiskeli nayo mbona mnaiita dala? Si basi hilo?"

Mwenzenu nimeishia la saba, lakini nikiulizwa swali nakuwa profesa. Nikaanza somo huku nakanyaga pedeli.

"Mayu, hilo neno la Wazungu hilo. Hela yao, dola. Likafika kwa wazee wetu wakaita dala, ndiyo ile sarafu ya shilingi tano. Dar kukawa na mabasi, nauli dala. Makonda wakapiga kelele dala! dala! mpaka basi lenyewe likaitwa hivyohivyo. Kufika kwetu huku, mabasi yako wapi? Neno likapanda baiskeli! Siku hizi hata mimi mwendeshaji ni dala. Ukishapanda hapa, mimi si mtoto wa mtu, si ndugu wa mtu. Dala tu."

"Kumbe! Una akili, kijana."

(Kichwa kikavimba, kofia ikanibana.)

Tukafika mteremkoni. Mkono mmoja kiunoni kwangu, mkono mwingine jogoo.

"Huyo jogoo wa sikukuu gani, mayu?"

"Nina wageni Jumamosi. Wanakuja kuposa."

"Eeh! Hata mimi Jumamosi wazee wanakwenda kuniposea! Ila huyo mama mkwe, nasikia ana mdomo, akianza kufoka mbwa wanahama mji!"

Mkono ukatoka kiunoni. Aliyejibu ni jogoo peke yake.

"Kata kushoto," akasema mama.

Nikakata.

"Nyumba ile ya bati jipya."

Nyumba ile naijua (kwa upande wa nyuma, msiniulize kwa nini).

Nyamizi akatoka na beseni la nguo. Akatuona. Beseni chini!

"Mama! Umepakiwa na huyo?"

Hapo mila ikanipanda kichwani. Mkwe huyo, jifiche! Nikaruka, nikatumbukia kwenye michongoma.

Tatizo moja. Mama bado alikuwa kwenye keria.

Baiskeli ikaenda yenyewe hatua chache, ikayumba, ikamlaza mama kwenye matuta ya viazi. Jogoo akatua juu yake. Mimi miibani, macho nimefumba, naona ng'ombe wanarudi zizini mmoja mmoja.

Baba yake Nyamizi akatoka mbio.

"Mama Nyamizi! Nani kakuangusha? Na nani huyo kwenye michongoma?"

Mama akainuka. Akajipangusa udongo polepole.

"Dala tu," akasema. "Si mtoto wa mtu, si ndugu wa mtu."

Mzee akaguna, akarudi ndani. Nyamizi kajiziba mdomo kwa shati bichi, mabega yanacheka.

Mama akanigeuzia mgongo, akaongea na jogoo:

"Wageni wangu Jumamosi wawahi. Wakichelewa, nitafoka mbwa wahame."

Uuuwi! Nimepona! Nimetoka pale nasukuma baiskeli, nacheka peke yangu kama chizi, miiba mpaka sehemu za kukalia.

Ila nauli sijalipwa. Mwenye ubavu aende akanidaie.