Gari Lililotimiza Masharti

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia, wala kitu kingine chochote, lakini alikuwa na ovaroli iliyopigwa pasi na kalamu tatu mfukoni, na mjini watu wengi wameaminiwa kwa vichache kuliko hivyo.

Kila asubuhi alisimama nje ya ukuta wa kampuni ya kusafirisha magari, chini ya bango la masharti. Gari liwe safi. Mafuta yasizidi robo tangi. Ndani kusiwe na mzigo. Watu hawasomi mabango, na Injinia aliishi kwa watu hao kama kunguru anavyoishi kwa jaa.

Siku hiyo alikuja na gari jeupe la mama mkwe wake, aliloliazima kwa ajili ya "kikao cha kazi".

"Saa tisa liwe hapa," mama mkwe alikuwa amemwambia. "Likichelewa, mkeo anarudi kwangu na masanduku yake." Alikuwa akitafuta sababu hiyo tangu siku ya harusi.

Saa nne likaja gari la kahawia, likikohoa. Akashuka bibi kizee, miwani puani, kitambaa kichwani. Injinia alichungulia kiti cha nyuma: cherehani mpya, majora matatu ya kitambaa, sanduku la sahani. Moyo wake ukatulia, kama wa mtu aliyejibiwa maombi.

"Shikamoo, bibi. Unampelekea nani gari?"

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu. Na hivyo vyombo ni vyake."

"Ole wako! Wakikuta hata kijiko ndani, wanalirudisha. Vyombo vinalipiwa peke yake."

"Nilitaka viende bure," bibi akasema, bila haya.

"Basi umefika kwa mwenyewe." Injinia akashusha sauti, akampa stika ya njano iliyoandikwa IMEKAGULIWA. Alikuwa nazo bunda zima. Mfagizi wa ofisi alikuwa na watoto wengi wa kusomesha. "Gari lenye hii halifunguliwi buti. Mimi nalitayarisha gari lako. Vyombo vikae kwanza kwenye gari langu, mkaguzi asivione. Baadaye tunavirudisha, unabandika stika, unaingia."

Hiyo "baadaye" haikuwamo kwenye mpango wake.

Bibi akavua miwani. "Tuombe kwanza, mwanangu. Fumba macho."

Tapeli akiombewa hana budi kuonekana mtakatifu, kwa hiyo Injinia alifumba macho kwa nguvu. Bibi aliomba sana. Aliombea barabara, akaombea madereva, akamwomba Mungu ampe kila mtu anachostahili.

"Amina," akasema Injinia, na Mungu ni shahidi kwamba alilisema mwenyewe.

Kazi ikaanza. Injinia alilala chini ya gari la kahawia, akanyonya mafuta kwa mpira hadi madumu mawili yakajaa. Akang'oa betri, "isije ikashika moto safarini". Akang'oa redio, kwa sababu alikuwa na bisibisi mkononi.

"Nipe, nipeleke kwenye gari lako," bibi alisema kila mara. Aliibeba betri kama mtu anayebeba mkate. "Na ufunguo, mwanangu, nifungue buti, na vyombo vyote viingie."

Injinia akampa ufunguo, akarudi chini ya gari kutafuta kingine cha kung'oa. Alimsikia bibi akiimba wimbo wa kushukuru. Wimbo ukawa unakwenda mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Gari fulani likawashwa. Nje ya kampuni ya magari, magari huwashwa.

Alipotoka, akijifuta mikono, palikuwa na gari moja tu, na lilikuwa la kahawia.

Alikimbia hadi dirishani kwa karani.

"Gari jeupe! Liko wapi?"

"La yule bibi? Limeondoka na lori sasa hivi." Karani alikuwa akinywa chai. "Siku hizi ni nadra kupata mteja kama yeye. Gari safi, mafuta robo, stika ipo. Kadi ya gari ilikuwa ndani, jina la mwanamke, na yeye ni mwanamke. Nigonge muhuri mara ngapi?"

"Na yeye mwenyewe?"

"Amepanda mbele na dereva. Anasema anaogopa wezi wa njiani." Karani akamtazama. "Kwani kuna tatizo? Niite polisi?"

Injinia akafikiria stika, na buti, na mfagizi, na bunda lililobaki kwenye ovaroli.

"Hapana," akasema. "Nilitaka kumuaga tu."

Alirudi kwenye gari la kahawia, akaketi nyuma ya usukani. Halikuwa na mafuta. Halikuwa na betri. Hata redio ya kumliwaza haikuwamo, na fundi aliyelifanyia hivyo alikuwa amefanya kazi safi kabisa.

Alikuwa bado hapo simu ilipoita. Saa tisa kasoro dakika tano.

"Mkwe, gari liko wapi?"

"Lipo salama, mama. Limekaguliwa."

"Basi lilete."

Injinia alikuwa amejifunza jambo moja siku hiyo, akaona alitumie.

"Mama, kabla sijakueleza, tuombe kwanza. Fumba macho."



"Mkwe," akasema mama mkwe, "mimi huomba macho wazi."